JE, MTOTO NI MTI WA KUCHONGWA?

Wako wenzetu wasemao kwamba picha ya sinema ya "Pinocchio", iliyotengenezwa na Guillermo del Toro pamoja na Mark Gustafson na kutolewa mwaka 2022, ni hadithi ya watoto wadogo tu. Wengine wasema mabaya zaidi, kwamba yafundisha utovu wa adabu. Mimi napinga rai zote mbili, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu.

Asili ya hadithi hii ni kitabu cha Mwitalia Carlo Collodi, kilichotoka mwaka 1883. Walt Disney naye aliitolea sinema mwaka 1940. Katika kitabu, na katika sinema ya 1940, mwanasesere wa mti hupewa thawabu ya kugeuka mtoto wa nyama na damu baada ya kujirekebisha. Fundisho lake ni wazi: tii, nawe utakuwa mtu.

Picha ya 2022 yapita njia nyingine. Mzee Geppetto, mchonga mti wa kijiji kimoja cha Italia, amefiwa na mwanawe Carlo, aliyeuawa na bomu kanisani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miaka yapita. Usiku mmoja, akiwa amelewa kwa majonzi, aukata msonobari ulioota kaburini pa mtoto na kuchonga mwanasesere. Kazi yenyewe haimalizi: sikio ni moja tu, na misumari yachomoza mgongoni. Mwanasesere apewa uhai, lakini Geppetto hamtaki huyu, amtaka Carlo. Carlo alikuwa mtiifu, huyu ni mtundu. Siku moja kwa hasira amwita mzigo. Mtoto ashika njia kwenda kutafuta fedha, ili asiwe mzigo tena.

Ndugu wasomaji, ni wangapi miongoni mwetu ambao hawajaambiwa, "Mtazame kaka yako"? Mzazi auzaye mahindi yake ili mwanawe asome ana haki ya kudai bidii, wala sibishi. Lakini kudai bidii ni jambo moja, na kumdai mtoto awe mtu mwingine ni jambo jingine. Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli tupu. Hata hivyo hawakusema kwamba changu akikunjwa atakuwa nguru.

Wale wanaohofia adabu na wamtazame baba wa pili katika picha hiyo. Huyo ni Podestà, mkuu wa kijiji chini ya utawala wa Mussolini. Ataka mwanawe Candlewick awe askari asiye na huruma, basi ampa bunduki na kumwamuru ampige risasi Pinocchio, rafiki yake. Kijana akataa. Je, huo ni utovu wa adabu? Kama ni hivyo, basi adabu ni neno tupu.

Sasa tumtazame Pinocchio. Alikuwa na uwezo wa kufa na kufufuka, lakini Geppetto alipokuwa akizama baharini, aliuacha uwezo huo ili awahi kumwokoa mzee yule yule aliyemwita mzigo. Hakuna aliyemwamuru. Hiyo ndiyo adabu itokayo moyoni, na fimbo haiwezi kuileta. Ndipo Geppetto atambuapo kosa lake, akampokea mtoto kama alivyo. Mwisho wa picha Pinocchio angali mti, wala hageuki nyama. Naye ni mwana kamili.

Huenda mvivu akasema, "Basi, nami niachwe nilivyo." La, hasha! Pinocchio aliacha utundu na kujifunza kuwajali wengine. Kilichobaki mti ni mwili tu, moyo ulikua.

Kwa hiyo natoa shauri. Picha hii ionyeshwe shuleni Siku ya Wazazi, kisha Chama cha Mijadala kiweke hoja hii mbele ya wote: "Mtoto si nakala ya mwingine." Baba zetu nao wapewe nafasi ya kusema. Nadhani wengi wao waliambiwa maneno hayo hayo walipokuwa wadogo, nao hawajayasahau.