Tuitoe Petroli Vyumbani Mwetu



Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Taifa zima liliomboleza. Hata hivyo, petroli ileile bado tunalala nayo: dumu uvunguni, chupa za maji zilizojazwa mafuta ya kuuza, pikipiki inayolazwa sebuleni kwa kuogopa wezi.

Kinachowaka kwanza ni mvuke wa petroli, nao hutoka hata kwenye baridi kali, sembuse joto la Dar es Salaam au Tanga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni, hupenya chini ya mlango, na ukikutana na jiko la mkaa, kibatari au cheche ya swichi, hulipuka. Katika nyumba ya kupanga yenye korido moja, dumu la mpangaji mmoja linawaweka hatarini wapangaji wote.

Najua hakuna anayehifadhi petroli chumbani kwa kupenda. Sheli iko mbali, wezi wapo, na abiria wa alfajiri hasubiri. Lakini shida hizi zinatatulika tukishikamana. Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji, naomba tukubaliane haya.

Madereva wa bodaboda wachangie eneo moja la kulaza pikipiki, lenye mlinzi. Asiye na budi kuweka akiba aweke kidogo, kwenye dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta, lenye kifuniko kinachobana, katika kibanda cha nje chenye kivuli, kinachopitisha hewa na kufungwa kwa kufuli. Wenye nyumba waliandike sharti hilo kwenye mikataba. Wauzaji waache kupima mafuta karibu na moto au kwenye chupa za maji, ambazo mtoto mwenye kiu hunywa bila kujua. Jenereta izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa mafuta. Na mtu yeyote asiwashe mkaa kwa petroli, wala asiichanganye na mafuta ya taa, kwani mchanganyiko huo hulipua taa na majiko.

Kila ua uwe na ndoo za mchanga mkavu. Petroli ikiwaka, msiimwagie maji: petroli huelea juu ya maji na kusambaza moto. Moto mdogo ufunikeni kwa mchanga. Ukiwa mkubwa, toeni watu kwanza, kisha pigeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu hiyo ni bure.

Wajumbe wa mashina, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, wenye nyumba na wapangaji: tusisubiri msiba ndipo tukutane. Usiku wa leo, kabla hujalala, toa dumu nje. Kesho, mgongee jirani, mzungumze.