Insha ya Historia Isiwe Sifa Tupu

Juma hili tunataka kusema na walimu, na wazazi, na wale wakubwa wanaoshika mfuko wa elimu, juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: insha za watoto wa sekondari. Twajua gazeti la chama hutazamiwa kusema juu ya uchaguzi, na bei ya korosho, na barabara. Hayo tutayasema, na tumekwisha kuyasema mara nyingi. Leo tupeni nafasi ya insha.

Mtaala mpya wa shule, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili. Tulilipokea kwa furaha, wala hatufichi. Kwa miaka mingi mtoto wa sekondari alisoma historia kwa lugha ya wageni, akaweza kukutajia Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 bila kukosea, lakini umwulize nani aliyeilima barabara ipitayo mlangoni pa babu yake, na kwa malipo gani, anakutumbulia macho. Sasa mlango umefunguliwa. Lakini somo la darasani, ndugu msomaji, lina adui wake naye ni mtihani. Mtoto atakariri tarehe, ataziandika, atapata alama zake, na siku ya pili atakuwa amezisahau.

Kwa hiyo twataka yawepo mashindano ya insha ya historia ya nchi yetu, kila mwaka, kwa wanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita, na zawadi yake iwe udhamini wa masomo ya chuo. Tunasema udhamini wa masomo, siyo kikombe cha bati na kofia na kupigwa picha na mgeni rasmi.

Wako watakaotuambia kwamba mashindano yapo tayari. Ni kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mashindano yake ya insha kwa shule za sekondari, na SADC nayo inayo, na vijana wetu huingia. Hayo ni mazuri, ila maswali yake huwa juu ya ushirikiano wa nchi na nchi, na ndivyo ipasavyo, maana vyombo vile viliundwa kwa kazi hiyo. Tena uko ule udhamini uitwao Samia Skolashipu, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, kwa vijana waliofaulu sana masomo ya sayansi. Hatuwaonei wivu vijana hao hata kidogo. Nchi inataka wahandisi na waganga. Lakini kijana anayekaa na wazee, akaandika yale ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika, huyo atapewa nini? Mpaka leo hupewa ahsante, kama aliyemsomea amekumbuka.

Wenzetu wa mbali hawakuliona jambo hili dogo. Huko Marekani chama cha maaskari waliopigana vita vya ng'ambo kina mashindano ya wanafunzi yaliyoanza 1947, ambapo kijana huandika hotuba juu ya nchi yake na kuisoma kwa sauti yake mwenyewe, na mshindi wa kwanza wa taifa zima hupata dola 35,000 za masomo. Wako pia wajukuu wa wale waliopigania uhuru wa nchi hiyo, nao wana mashindano yao ya insha juu ya vita vile na katiba iliyofuata. Fedha hizo ni nyingi, na nia yao twaielewa. Lakini hatutaki kuiga kila kitu. Kijana wa Marekani akiandika juu ya mabwana waliotia sahihi Azimio la Uhuru la 1776, akasahau kwamba wengi wao walikuwa na watumwa mashambani, atakuwa ameisema nusu ya habari, na kama waamuzi wanapenda nusu hiyo, atapewa zawadi kwa ajili ya kusahau.

Hapo ndipo penye hofu yetu, nasi twaisema mapema kabla mtu hajaanza kuchapisha matangazo. Mashindano ya insha ya uzalendo ni kitu chepesi kuharibika. Ukiwaambia watoto elfu waandike juu ya mashujaa, na zawadi ni ada ya chuo, watakuletea sifa elfu moja zinazofanana kama mayai. Tena siku hizi ziko kompyuta zinazotunga maneno zenyewe. Kijana akiziamuru zimsifu shujaa yeyote zitamsifu kwa kurasa tatu kabla chai haijapoa. Basi ya nini kulipa fedha za wananchi kwa kazi hiyo?

Wanaodhani kwamba mzalendo ni yule anayesifu tu, tunawakumbusha kijana mmoja wa Makerere. Julius Nyerere alisoma huko tangu 1943 hata 1945. Akiwa mwanafunzi aliingia mashindano ya uandishi, akashinda. Aliandika juu ya nini? Hakuandika sifa za watemi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mtemi. Aliandika juu ya kuonewa kwa wanawake, akachukua fikira za Mwingereza John Stuart Mill akaipima kwazo jamii yake mwenyewe ya Wazanaki. Tukumbuke kuwa mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano wa Mtemi Nyerere Burito, aliyekuwa na wake 22. Kijana huyo hakuwa anasema habari za jirani. Na waamuzi wa siku zile, katikati ya utawala wa kikoloni, hawakumnyima zawadi kwa kuwa amewaaibisha watu wake. Je, waamuzi wetu huru watakuwa na moyo mdogo kuliko wale?

Tutoe mfano mgumu zaidi, ili tusije tukaonekana tunasema maneno matamu tu. Kila mtoto wa Dar es Salaam amepita barabara ya Bibi Titi Mohamed. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata mama huyu, mwimbaji wa ngoma za lelemama, ndiye aliyewaingiza wanawake wa mji katika chama kwa maelfu, kwa kupitia vikundi vyao vile vile vya ngoma, wakati wasomi wengi wa kiume walikuwa watumishi wa serikali na hawakuruhusiwa kujiunga. Hayo mtoto atayaandika, na kila mtu atapiga makofi. Lakini mwaka 1969 mama huyo huyo alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Aliishi hata mwaka 2000. Mtoto wa kidato cha nne akiuliza mambo hayo yalikuwaje, akawatafuta waliokuwapo, akaandika kwa heshima na bila kuficha, atapewa zawadi au ataitwa ofisini kwa mwalimu mkuu? Mpaka jibu la swali hilo lijulikane, mashindano hayana maana. Na sisi wa gazeti la chama twalijua jibu letu: apewe zawadi.

Kazi ya namna hii ilipata kufanyika hapa kwetu, na ilifanywa na vijana. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi hizo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wakati wa likizo waende makwao kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walimu walikuwa Gilbert Gwassa na John Iliffe. Fikirini hesabu yake: mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 Wamatumbi walipong'oa pamba ya Wajerumani, mwaka ule wa 1968 alikuwa na miaka 83. Miaka kumi baadaye vijana wale wangekuta makaburi. Maneno waliyoyaleta yalitiwa katika maandishi, na mpaka leo hakuna mwanachuoni awezaye kuandika juu ya vita vile bila kuyapitia.

Wajerumani katika hesabu zao waliandika kwamba waliokufa ni 75,000. Gwassa, baada ya kuitazama habari upya pamoja na ile njaa iliyoletwa kwa kuchoma chakula na mashamba, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Tazameni tofauti hiyo. Huo si mchezo wa tarakimu. Ni watu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Na habari haijafungwa hata sasa. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha mbele ya jamaa za Chifu Songea Mbano, ambao mpaka leo wanauliza kichwa cha babu yao kilipelekwa wapi. Asingeuliza mtu, asingekuja mtu kuomba msamaha.

Basi sasa na sisi tupige hesabu yetu. Aliyekuwa na miaka 20 siku TANU inaundwa, leo amepita 90. Wale Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, wakachanga senti zao mpaka Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea, waliobaki ni wale waliokuwa watoto wakibebwa mgongoni. Waliofanya kazi katika mashamba ya karanga ya Kongwa na Nachingwea, ambayo Waingereza waliyaanza 1947 wakayaacha baada ya kupoteza mamilioni ya pauni, tutawapata wangapi? Hata waliohamishwa katika operesheni ya vijiji, miaka ya 1970, wakiwa wakubwa wa kaya, sasa ni vikongwe. Hiyo nayo ni historia ya nchi, na iko ya kusifu na iko ya kulia.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mashindano haya liwe kwamba kila insha iwe na mtu aliyeulizwa. Jina lake, umri wake, mahali anapokaa, na kama mwenyewe amekubali jina lake litajwe. Kompyuta haiwezi kwenda Kipatimu kukaa juu ya mkeka. Wazee nao, twajua, husahau, na wengine hupamba. Tumewasikia wazee wengi waliokuwa marafiki wa kila mtu mkubwa. Ndiyo maana sharti la pili liwe mtoto alinganishe neno la mzee na neno la mzee mwingine, au na kitabu, au na waraka, kisha aseme mwenyewe anaamini lipi na kwa nini. Akikosea katika kuamua, si kitu. Asiyejaribu kuamua asipewe zawadi.

Insha iandikwe kwa Kiswahili, na maneno ya wazee yaachwe kama walivyoyasema, hata yakiwa ya Kingoni au Kimakonde, na tafsiri yake chini. Waamuzi wasiwe maofisa peke yao, awepo mwalimu wa historia, na mtu wa nyaraka, na mzee mmoja wa wilaya asiyeogopa kusema, "Huyu mtoto ametunga." Tena insha zisitupwe stoo baada ya sherehe. Nakala moja ikae shuleni, nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa, maana hata insha iliyoshindwa huenda ndiyo pekee iliyoshika maneno ya bibi fulani wa Masasi kabla hajatuacha.

Juu ya fedha hatutasema mengi. Shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022, kwa hiyo mzigo wa mzazi unaanzia chuoni, na huko ndiko zawadi iende. Washindi wachache kila mkoa, wakilipiwa masomo yao yote, watatosha kwa kuanza. Tena mshindi aachwe achague anachotaka kusoma. Akitaka kuwa mwuguzi na awe mwuguzi. Hatutaki kumfunga mtoto kwenye historia kwa kuwa siku moja alimsikiliza babu yake vizuri.

Wala hakuna haja ya kungoja waziri atangaze. Mwalimu wa historia anayesoma maneno haya anaweza kuanza shuleni pake kabla ya likizo ya Desemba. Awape wanafunzi daftari moja moja, na maswali matano ya kuanzia: ulizaliwa wapi, wazazi wako walilima nini, kodi mlilipa kwa nani, siku ya uhuru ulikuwa wapi, na ni jambo gani ambalo hujapata kuulizwa. Wakirudi Januari, azisome insha zote mwenyewe kabla ya kuzitia alama.