Rudisheni Ule Mtumbwi

Ndugu wa kalamu na ndugu wa kamera, leo nimekuja kugombana. Mkinisamehe sawa, msiponisamehe shauri yenu, lakini mimi nimechoka na mawingu.

Nasema yale mawingu meusi ya Kigoma. Siku hizi kijana mwenye kamera akifika tu, anashuka moja kwa moja Bangwe au Kibirizi, anasubiri mvua ya jioni ijikusanye juu ya milima ya Kongo, anapiga, halafu anaondoa rangi zote. Anga nyeusi tii, maji meusi tii, kamstari keupe katikati. Chini anaandika "Ghadhabu" au "Kiama" au, akiwa amesoma kidogo, "Ukimya". Mtu hakuna. Kuku hakuna. Hata wavu mmoja ulioanikwa hakuna. Ukitazama picha ishirini za namna hiyo utadhani watu wa Kigoma walihama wote siku moja wakamwachia mpiga picha ufunguo wa mji.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka juzi nilikuwa Dar, nikaingia kwenye maonyesho ya jamaa mmoja, jina lake silitaji kwa sababu ugomvi wangu si naye peke yake. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa, upana wa mlango. Nikaitambua Katonga kwa mgongo wa kilima. Wingu limeshuka hadi majini na mvua imesimama kama ukuta. Nzuri, siwezi kusema uongo. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Nikamfuata mwenyewe nikampa sifa zake. Akafurahi, akatoa simu akanionyesha ile picha ilivyokuwa kabla hajaikata. Chini, pembeni kushoto, palikuwa na mtumbwi.

Nikamwuliza, mbona umeukata? Akanijibu bila hata kupepesa: "Ulikuwa unaharibu utulivu wa picha, mshikaji."

Utulivu! Nikamwuliza tena, je, hao watu walifika? Akanitazama kama nimemwuliza bei ya mchele katikati ya sala. Hakujua. Hakuwahi hata kujiuliza. Alipiga, mvua ikaanza, akafunika kamera yake akakimbilia bajaji.

Kabla hamjanirukia, niseme wazi kwamba mimi si wa lile kundi linalodai picha nyeusi na nyeupe ni mambo ya paspoti na ya babu. Hao nao nina ugomvi nao. Kwao Ziwa Tanganyika ni machweo ya rangi ya chungwa, mchikichi mmoja mbele, na maandishi "Karibu Kigoma". Hiyo ni kalenda ya duka la vipuri, mnisamehe wenye maduka. Ziwa likichafuka halina rangi nyingi za kuonyesha, lina kijivu namna kumi. Kuna kijivu cha mvua inayokuja na kijivu cha mvua iliyokwisha kupita. Kuna ule mstari wa giza unaotembea juu ya maji kwa mbali, pale upepo ulipoanza kuyapiga, na jicho lililozoea kukimbilia bluu haliuoni. Picha isiyo na rangi inauonyesha. Kwa hiyo mimi ni mpenzi wa nyeusi na nyeupe, na ndiyo maana naumia nikiona inatumika kuzugia watu.

Na nyeusi na nyeupe si lazima iwe tupu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930. Tazama kazi za studio ile, watu, mitaa, bandari, hakuna rangi hata tone na hakuna anayeiulizia. Watu wamejaa humo.

Tuzungumze ufundi kidogo, maana hapa ndipo tunapopigwa changa la macho. Chukua picha za kale za bara hili, za wakati wa Mjerumani. Nyingi anga yake ni nyeupe kama shuka. Si kwamba babu zetu hawakuwa na mawingu. Mabamba ya zamani yalikuwa yanashika mno mwanga wa bluu, kwa hiyo ukipiga ardhi ikatoka sawasawa, anga inawaka kupita kiasi na mawingu yanapotelea humo humo. Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1850, alikwepa tatizo hilo kwa kupiga mara mbili, bahari peke yake na anga peke yake, akaviunganisha kwenye karatasi moja. Baadaye zikaja filamu zinazoona rangi zote, na vioo vya kuweka mbele ya lenzi: cha njano, cha machungwa, chekundu. Kile chekundu kinaizuia bluu, na anga safi ya mchana inatoka giza. Ansel Adams alifanya hivyo mwaka 1927 alipopiga jabali la Half Dome kule Marekani. Jua lilikuwa linawaka, lakini kwenye picha anga ni karibu nyeusi. Alijua anachofanya na hakuficha.

Leo simu inafanya kazi hiyo kwa kidole kimoja. Maana yake ni kwamba ile "dhoruba" unayoishangaa huenda ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mawingu ya pamba, watoto wanaoga. Zamani kemia iliwanyima watu mawingu yao. Sasa tunapewa mawingu ambayo hayakuwepo, na wanaolipa kiingilio wanatingisha vichwa.

Hata ile picha ya Ujiji inayojulikana kuliko zote, Stanley akivua kofia mbele ya Livingstone mwaka 1871, haikupigwa na kamera yoyote. Ni mchoro uliotoka kwenye kitabu chake huko Uingereza. Mle ndani watu wa Ujiji wamesimama pembeni na nyuma kama pazia. Basi wakati ule tulikuwa pazia. Hawa vijana wetu, wenye ngozi kama yetu, wametuondolea hata upazia.

Mtasema, dhoruba ni dhoruba, wewe unataka nini? Nataka mjue inamfanya nini mtu. Nendeni Kibirizi asubuhi mkaone dagaa walivyoanikwa. Kwa mama aliyenunua dagaa wabichi kwa mkopo, wingu si ghadhabu wala ukimya, ni hesabu. Likiwahi kabla dagaa hawajakauka, wananyeshewa, bei inaanguka, na mzigo wa kupelekwa Dar unaishia kuwa chakula cha kuku. Nimewaona wakina mama wale upepo unapogeuka: mmoja anapiga kelele, wote wanainuka, fagio, mikono, kanga, turubai, mtoto kaachwa juu ya gunia analia. Dakika chache tu. Hiyo ndiyo picha ya dhoruba ya Kigoma, na sijaiona kwenye ukuta wowote, kwa sababu wakati ikitokea mpiga picha amewapa mgongo, anatazama Kongo.

Na wale wanaotoka usiku je? Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika. Kwa hiyo wingu lililofunga anga yote, linalomtisha mgeni, kwa mvuvi linaweza kuwa baraka, mpaka pale upepo unapoamua vingine. Ziwa lina urefu wa kilometa 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Hapo katikati nanga haina pa kushika. Desemba 2014 meli MV Mutambala ilizama upande wa Kongo ikiwa imejaza kupita kiasi na upepo ukiwa mkali, wakafa watu zaidi ya 100. Mwenye ndugu aliyewahi kuchelewa ziwani hawezi kukata mtumbwi kwenye picha kwa ajili ya utulivu. Mkono wenyewe utakataa.

Sisi waandishi tusijifiche nyuma ya wapiga picha. Fungueni hadithi kumi za vijana wenzetu, mhesabu zinazoanza na mawingu mazito yaliyotanda. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo mara tatu, na moja ikachapwa. Msichana kaachwa na mchumba, basi radi ikapiga, mvua ikamwagika ukurasa mzima. Nimeisoma tena juzi nikaona aibu. Kwenye mvua yote ile hakuna aliyeanua nguo.

Kuna rafiki yangu aliyesoma karatasi hii kabla ya kuileta kwa mhariri. Akaniambia, sanaa ni huru, mtu akitaka anga tupu mwache na anga yake. Sawa. Anga ikiwa tupu, ipige tupu, hakuna polisi. Ninachokataa ni kuikuta na watu, ukawatoa, halafu ukatwambia hivi ndivyo kwetu kulivyo. Mtaani neno usanii limekuja kumaanisha ujanja wa kudanganya, nasi tunanung'unika kwamba watu wanatudharau. Jamani, tumewapa sababu.

Yule jamaa wa Dar, niseme na hili, si mtu mbaya. Nilimwomba picha nzima isiyokatwa akanitumia, nikaichapisha nyeusi na nyeupe vile vile, saizi ya daftari. Niliporudi nikaipeleka Katonga kwa mjomba wangu, ambaye amevua zaidi ya miaka thelathini. Kwanza nikampa ile iliyokatwa. Akaigeuzageuza. "Mbona usiku umeingia mchana?" akauliza. Halafu: "Na rangi ya wingu mmeipeleka wapi? Mimi wingu likiwa na ukijani kwa chini sitoi mtu hapa." Hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka sasa sina. Kuna elimu inayopotea rangi ikiondoka, na mpiga nyeusi na nyeupe ana deni la kuilipa kwa njia nyingine.

Nikampa ile nzima. Akanyamaza. Akaitoa nje kwenye mwanga, akaisogeza karibu na jicho, akaanza kuhesabu kwa ukucha. "Watatu. Huyu wa nyuma anapiga kasia, anatafuta kuuelekeza mtumbwi kwenye wimbi. Huyu wa katikati kainama, anakumba maji. Huyu wa mbele ni mtoto." Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile wiki nzima sikumwona mtoto.

Akauliza ilipigwa lini. Nikamtajia mwezi. Akaita jirani, jirani akaita mwenzake, wakaanza kubishana mtumbwi ni wa nani, kwa sababu ubavuni una kiraka cha bati. Nilipoinuka kuondoka, ubishi ulikuwa bado unaendelea. Picha nimewaachia.