Kabla ya Kupigia Debe Kurudi, Tusome Kifungu cha 9

Tangu mkutano mkuu upitishe rasimu ya kanuni za Mfuko wa Kurudi, kundi la WhatsApp la chama chetu cha wafanyakazi wa Ghuba halijapoa. Matawi yanagombania viti: Riyadh wanasema Jeddah wamependelewa, Doha wanauliza mbona hawana mjumbe, na Muscat wametangaza kusimamisha michango "mpaka ieleweke". Rasimu ina kurasa sita tu. Kwa maswali yanayoulizwa, ni wazi kwamba wengi hawajaifungua. Rangi ya fulana za Idi tuliijadili wiki mbili nzima, na hapo kila mtu alikuwa na la kusema.

Msimamo wa jarida hili ni huu: kifungu cha 9, kinachohusu malipo ya anayerejea, kibaki, ila kirekebishwe mahali pamoja.

Ili kuona sababu, kumbukeni yaliyomkuta dada yetu wa Jeddah, ambaye ameturuhusu tuyaandike bila jina lake. Alimaliza mkataba, akapewa huruji, yaani ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, akarudi Bofu, Likoni, akijua ana duka linalomngoja. Duka alilikuta kweli, limepakwa rangi, mitungi ya maji imepangwa mlangoni. Leseni ya kaunti iliyobandikwa ukutani ilikuwa na jina la shemeji. Laini ya wakala wa M-Pesa, jina la shemeji. Risiti za kodi ya chumba, shemeji tena. Yeye mkononi alikuwa na picha za meseji za kutuma pesa. Mzee wa mtaa alimuuliza swali moja tu: karatasi yenye jina lako iko wapi? Mwaka haukuisha, akarudi tena kwa wakala wa ajira kutafuta viza.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaohubiri kwamba watu hawarudi kwa sababu wamezoea kiyoyozi. Watu wanarudi, lakini pesa hutangulia kwa jina la mtu mwingine, na mwenyewe akifika ni mgeni kwenye mali yake. Kwa hesabu ya Benki Kuu, mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95, na Saudia ilikuwa ya pili kwa kutuma baada ya Marekani. Serikali inajivunia hesabu hiyo na kila siku inatafuta nafasi mpya za kupeleka watu nje. Anayerudi na sanduku lake haoni dirisha la kuelekezwa. Dirisha hilo tutalifungua wenyewe.

Sasa kifungu. Kinasema mwanachama aliyerejea atapata akiba yake yote pamoja na mkopo usiozidi mara tatu ya akiba hiyo, mradi alete leseni ya biashara ya kaunti kwa jina lake mwenyewe na wadhamini wawili ambao ni wanachama. Kaka zetu wamenuna juu ya "jina lake mwenyewe", wakisema ni kuvunja familia. La, hatuondoki hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilo na jina lako ni la mwenzio.

Penye kasoro ni kwenye leseni. Kaunti haikupi leseni ya duka lisilo na mahali. Mahali panataka kodi na amana, na pesa hizo ndizo zimefungiwa humu kwenye Mfuko. Mtu ataitoa wapi leseni kabla ya mtaji? Atakopa kwa shemeji, na tutarudi palepale. Pendekezo letu ni pesa zitoke kwa awamu mbili. Mwanachama aombe akiwa bado kazini, kwa PIN ya KRA na cheti cha jina la biashara, ambavyo huombwa kwa simu akiwa hukohuko. Awamu ya kwanza ilipe chumba na leseni, na ilipwe moja kwa moja kwa mwenye chumba na kaunti. Akileta leseni yenye jina lake, awamu ya pili ifuate kwa ajili ya bidhaa.

Jambo la pili halikuguswa kabisa mkutanoni, nalo ndilo linalotunyima usingizi. Rasimu inataka tuache kuwa kikundi cha jamii, tuwe SACCO. Ni sawa, lakini kanuni za 2020 zilizoanza kutumika Januari 2021 zinataka kibali cha SASRA, mamlaka inayosimamia SACCO, hata kwa chama kisichopokea amana za kuweka na kutoa, endapo kinakusanya michango kutoka kwa watu wanaoishi nje ya Kenya. Wanaojitetea kwamba hatujafika shilingi milioni 100 wamesoma nusu. Kiwango hicho ni sharti mojawapo. Kuwa na wanachama wa ng'ambo kunatosha peke yake. Kwa hiyo kusajiliwa na Kamishna wa Ushirika hakumalizi kazi. Kibali kije kwanza, ndipo mkopo wa kwanza utoke. Kamati isituambie "tutafuatilia baadaye".

Tena kuna wanaongoja riyali ipande ndipo waanze kuweka akiba. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipopita shilingi 160, anayelipwa riyali 900 za Saudia alipata zaidi ya shilingi 38,000. Kabla mwaka kufika katikati, dola ilishuka karibu na 129, na riyali zilezile zikaleta kama 31,000. Bei ya unga Likoni haikumngoja mtu.

Na si lazima sote tufungue duka la M-Pesa. Barabara ya Dongo Kundu imetutoa Pwani ya Kusini hadi Miritini bila feri. Mwenye friji ya samaki au tanuri la mikate anaweza kupeleka mzigo Changamwe asubuhi bila kuomba Mungu foleni ya feri isonge. Haya yangefaa kujadiliwa, lakini matawi yanagombania viti.

Kura ya marekebisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu usiku kwa saa za Mombasa. Doha na Riyadh ni saa hiyohiyo. Muscat ongezeni saa moja. Mara iliyopita akidi ilitimia kwa kubembelezana, tena baada ya saa nzima ya kungoja. Kabla ya siku hiyo mpelekee Bi Mweka Hazina nakala ya kitambulisho, PIN na jina la mrithi. Wale waliomwacha kafili, yaani mwajiri mdhamini, wasiogope: fomu haiulizi iqama, yaani kibali cha ukaaji. Asiyejaza fomu hatapiga kura, na asitutumie meseji ya sauti ya dakika saba baadaye kuuliza ni nani aliyeamua.