Matairi ya Mbele na ya Nyuma Yalingane

Gari la doria linapopinduka, mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva. Ni haki aulizwe. Lakini kabla hajapelekwa mbele ya mkubwa wake, twaona ni wajibu apatikane mtu wa kuinama na kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa matairi yote manne. Ikiwa mbele kuna kipimo kimoja na nyuma kingine, lawama si ya dereva peke yake. Inamhusu pia mtunza bohari aliyeyatoa, na fundi aliyeyafunga.

Tuchukue mfano. Tairi lililoandikwa 235/85R16 lina kimo cha sentimita 80.6 hivi. La 205/80R16 lina sentimita 73.4. Yote mawili ni ya rimu ya inchi 16, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Katika kilomita moja tairi kubwa huzunguka mara 395 hivi, na dogo mara 433. Sasa dereva wa Land Cruiser isiyo na difu ya katikati, kama zilivyo nyingi za mfululizo wa 70, akitia giya ya magurudumu manne, mihimili ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kulazimishwa kuzunguka sawasawa. Upande mmoja unadai mizunguko 38 zaidi ya mwenziwe katika kila kilomita. Itatoka wapi? Kwenye matope tairi huteleza kidogo na deni hilo likalipika. Kwenye lami halilipiki: mpira hukwaruzika, usukani huwa mzito, wenzo wa giya hukataa kutoka, na mwishowe meno ya giya huweza kuvunjika, huku askari wameketi nyuma na bunduki zao.

Land Rover Defender, yenye difu ya katikati, haikazi namna hiyo. Hata hivyo difu hiyo haipumziki hata njia ikinyooka, na ikifungwa, mambo ni yale yale.

Hapatakosekana mjuzi wa kutukumbusha habari za trekta. Kweli, trekta linaloendesha magurudumu manne lina madogo mbele na makubwa nyuma. Lakini giya zake zilihesabiwa kiwandani ili kuifidia tofauti hiyo. Porsche 911 nayo huvaa mapana nyuma kwa kuwa injini yake iko nyuma, na wahandisi waliipima. Hatujapata kusikia hesabu kama hiyo ikifanywa kwa chaki mlangoni mwa bohari.

Hata tairi la akiba liwe la kipimo hicho hicho. Na ikiwa hapana budi gari litoke usiku huo na matairi yasiyolingana, basi mawili yanayofanana yafungwe katika ekseli moja, giya ya magurudumu manne isitiwe kwenye lami, na jambo hilo liandikwe katika kitabu cha gari pamoja na jina la aliyeamuru.