Wazee Wetu wa Kando ya Mto na Maji ya Masika



Ndugu msomaji, katika baadhi ya nchi za ng'ambo mtu akistaafu huweza kuhamia mtaa uliojengwa makusudi kwa ajili ya wazee, wenye muuguzi wake, mlinzi wake na gari la kuwaondoa wakazi pindi mto unapofura. Sisi wa Kwale hatuna mitaa ya namna hiyo, na ada zetu haziielekei. Hata hivyo, ukipita katika vijiji vyetu vya kando ya mito utaona kwamba mitaa ya wazee tunayo, japokuwa hatukuipanga. Vijana wamekwenda Ukunda, Mombasa, Muscat na Doha kutafuta riziki. Waliobaki mtoni ni babu na bibi, pamoja na wajukuu walioachiwa kuwalea. Makala ya juma hili ni juu ya wazee hao na maji ya masika, na juu ya haki yao iliyo shingoni mwetu.

Tuanze na Ramisi. Kwa miongo mingi kiwanda cha sukari cha hapo kilileta watu kutoka pande mbalimbali kuja kulima, kukata na kusaga miwa. Kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wako waliorudi makwao, na wako waliobaki kwa kuwa hapo ndipo walipooa, walipozaa na walipozika. Vijana wa siku zile leo ni wazee wa bakora, nao wanaishi jirani na mto Ramisi, unaomwaga maji yake katika ghuba ya Funzi.

Kusini zaidi, mpakani, iko Vanga. Mji huu umekaa mahali pa chini, baina ya mikoko, bahari na mto Umba. Mto huo chanzo chake ni milima ya Usambara, nchini Tanzania. Kwa hiyo yawezekana mbingu ya Vanga ikawa nyeupe, jamvi limetandikwa barazani na kahawa inanyweka, kumbe mvua iliyonyesha Usambara iko njiani inakuja. Maji hayo yakifika siku ya bamvua, bahari ikiwa imejaa, mto hukosa pa kumwaga. Maji hurudi nyuma na kutafuta njia kwenye mashamba na nyua za watu.

Maisha ya mzee wa mtoni wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, yana utaratibu wake. Kabla ya adhana ya alfajiri huwa macho, akiusikiliza mto. Kelele zake za jana na za leo hazifanani, naye anazitambua. Kukipambazuka huenda kukitazama kijiti alichokichomeka ukingoni, aone maji yamepanda kiasi gani. Bibi huanika kuni darini juu ya meko, maana kuni mbichi zitamtoa machozi hadi magharibi. Kuku hupandishwa uchagani na mbuzi hufungwa penye mwinuko. Miguu ya kitanda huinuliwa kwa matofali. Misahafu, hati ya shamba na picha za marehemu hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kutundikwa juu. Jioni baraza huhamia upenuni kwa jirani, na mazungumzo huwa ni ya gharika zilizopita: ile ya El Niño ya mwaka 1997, ile ya vuli ya mwaka 2023, na masika ya mwaka 2024 yaliyoua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu ya Kenya. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Basi huja usiku ambao kijiti hakionekani tena. Vijana wa kijiji na watu wa Msalaba Mwekundu hupita mlango hadi mlango wakiwataka watu wahame, na mzee husema, "Mimi siendi." Watoto wake hupiga simu kutoka mbali, wengine wakilia na wengine wakifoka. Naye hujibu kwamba ajali imekwisha kuandikwa, na kama ni kufa atafia nyumbani kwake. Hapo ndipo wengi wetu husema kwamba wazee ni wakaidi. Neno hilo si la haki, na linatuzuia kuiona sababu yenyewe.

Jiulize unamwita mzee aende wapi. Mara nyingi ni darasa la shule. Humo atalala sakafuni yeye na magoti yake mabovu. Choo kiko mbali, na kukifikia ni kupita matopeni gizani. Bibi aliyejisitiri maisha yake yote ataambiwa ajinyooshe chumba kimoja na wanaume ajinabi. Atapanga foleni na sahani mkononi, yeye ambaye mlango wake haukuwahi kumrudisha mgeni na njaa. Na atakaporudi, huenda akakuta mbuzi wameibwa. Mzee huyo anayakimbia maji kama sisi sote. Asichokitaka ni fedheha. Ameipima hatari ya mto na kuvunjika kwa heshima yake, na heshima imekuwa nzito zaidi. Ukitaka akubali kuhama, mwondolee ile fedheha kwanza.

Ama hoja ya kadari, na tuijibu kwa adabu na kwa elimu. Sayyidna Umar, radhi za Allah zimfikie, alipokuwa njiani kuelekea Sham alipata habari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda alimuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alimjibu kwamba wanatoka katika kadari Yake na kuingia katika kadari Yake, kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyepata bonde lenye pande mbili, moja la rutuba na moja kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Basi kupanda mlimani nako ni kadari. Ni kweli kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa aliyekufa maji ni miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni bishara kwa aliyefikwa. Haikuwa ruhusa ya kuyangojea maji kitandani, kwani Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Vilevile wako wazee ambao hawaogopi kitu ila kuikosa jamaa msikitini, nao hutoka na bakora alfajiri kupita penye maji yaendayo. Imamu awakumbushe rukhsa. Imethibiti kwamba Mtume aliamuru itangazwe, usiku wa mvua na baridi, watu wasali majumbani mwao. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, wanaosali jamaa msikitini wanaruhusiwa, kwa sharti zake, kuikusanya Alasiri katika wakati wa Adhuhuri na Isha katika wakati wa Magharibi kwa ajili ya mvua. Mwenyezi Mungu anapenda rukhsa zake zichukuliwe. Maji yasiyofika magotini, yakiwa na kasi, hutosha kumwangusha kijana, sembuse mtu wa miaka 80.

Sasa tufanye nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa kabla ya mvua.

Kwanza, kila msikiti wa kando ya mto uwe na daftari. Imamu, mzee wa mtaa na watu wa Nyumba Kumi waandike jina la kila mzee, hali ya macho na miguu yake, dawa anazotumia, na vijana wawili watakaomjia. Vijana hao wajulikane naye tangu mapema. Bibi aandikiwe mahram wake au wanawake wenzake, asije akabebwa mgongoni na mtu asiyemjua.

Pili, na hili ndilo kubwa, kila nyumba ya mtoni ipatiwe nyumba ndugu ya mlimani. Mtume alipofika Madina aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kwa undugu, mtu na mtu, nyumba na nyumba. Nasi tufanye hivyo. Familia iliyo penye mwinuko imwambie mzee mwezi wa Februari: chumba chako ni hiki, kitanda chako ni hiki, njoo na mbuzi wako. Watembeleane na wale pamoja. Siku mto utakapofura, mzee atakuwa anakwenda ugenini kwa jamaa yake kama mgeni mwenye heshima. Darasa la shule na libaki kwa dharura, nalo ligawanywe kwa pazia na kuwekewa choo cha karibu.

Tatu, mkoba. Ndani yake pawe na dawa za presha na sukari za majuma mawili, maana barabara ikikatika, hospitali ya Msambweni huwa mbali kuliko Mombasa. Pawe na kadi ya kliniki, miwani, tochi na simu iliyojaa chaji. Kitambulisho kisisahaulike: bila hicho, mzee aliyepita miaka 70 atapata taabu kuzifuatilia shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii.

Nne, tuwasikilize. Elimu ya maji wanayo wao. Wanajua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa hiyo kalenda yetu ya Kiislamu ukutani inatosha kukuonyesha: mwanzoni mwa mwezi na karibu na tarehe 15 bahari itajaa sana, na mto uliofura siku hizo utakuwa na madhara zaidi. Kijana mwenye simu asome utabiri wa idara ya hali ya hewa, mzee aeleze dalili za mto, kisha waamue pamoja. Penye wazee haliharibiki neno.

Tano, maji yakishuka, kazi haijesha. Vyoo vya shimo huwa vimefurika na kuingia visimani. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, vyandarua vitundikwe, na matope yatolewe ndani na vijana kabla mzee hajarudishwa.

Kwenu mlio mbali, wanangu, nina neno moja. Simu haimbebi mzee. Kumfokea baba saa sita za usiku kwamba ahame hakumwondoi mahali pake. Aya za 23 na 24 za Suratul Israa zimetukataza hata mguno mbele ya wazazi waliofikia uzee, na zimetuamuru tuwainamishie bawa la unyenyekevu kwa huruma. Mtafutie nyumba ndugu mapema, tuma nauli na posho ya mwenyeji, na ukiweza njoo mwenyewe masika yanapoanza. Katika Suratu Hud, Nabii Nuh alimwita mwanawe apande jahazini, na katika kishindo chote cha gharika alimwita kwa jina la mapenzi la mtoto wake. Leo mambo yamegeuka, mwana ndiye anayemwita baba. Mzee wetu hatumfananishi na yule aliyekataa. Tunachokichukua ni upole wa yule aliyeita.

Masika ni rehema. Bila hayo hakuna mpunga, mahindi wala maji ya kisima. Mtume alipoombwa mvua ikazidi, hakuomba ikatike. Aliomba inyeshe pembezoni, milimani na mabondeni, isiwaangukie watu. Nasi tuombe hivyo, na tukishaomba tulifungue lile daftari.

Ewe Mola wetu, ijaalie mvua yetu iwe ya kheri na manufaa, wahifadhi wazee wetu wa Vanga, Ramisi na kila ukingo wa mto, na utujaalie tuwe nguzo yao kama walivyokuwa nguzo yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.