Mwanao Akikataliwa Jeshini, Uliza Daktari Aliona Nini

Baba mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa Kivaa akimtangulia mwanawe, kijana wa miaka 19. Kijana alibaki mlangoni, macho chini. Baba naye hakuketi.

"Daktari, huyu alikataliwa jana kwenye usajili wa jeshi. Eti moyo wake una kelele. Nataka uniandikie barua kwamba ni mzima. Huyu hulima kutwa nzima na hajawahi kulazwa hospitalini hata siku moja."

Barua hiyo sikuiandika. Nitakueleza sababu, msomaji, kwa kuwa huenda nawe una kijana nyumbani anayejiandaa kwa usajili ujao.

Huku kwetu Ukambani, kuingia jeshini ni zaidi ya kupata kazi. Tangu enzi za King's African Rifles, na hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wakamba walijiunga na jeshi kwa wingi, na koo nyingi bado zina babu au mjomba wa kutajwa kwa fahari. Isitoshe, mshahara wa askari huja kila mwezi, nayo mvua ya Masinga huja ipendapo. Basi kijana anapotolewa kwenye mstari mbele ya wenzake, viatu mkononi, anapoteza mengi kwa dakika moja. Jioni hiyo hiyo minong'ono huanza sokoni: daktari aliona nini? Ana ugonjwa gani huyu?

Mara nyingi hana ugonjwa wowote. Daktari wa usajili haulizi swali ninalouliza mimi. Mimi nauliza, "Je, mtu huyu ni mgonjwa?" Yeye anauliza, "Je, mwili huu utastahimili miezi ya mbio, mizigo na baridi kule Moi Barracks, Eldoret?" Wanaojitokeza ni wengi mno na nafasi ni chache, kwa hiyo dosari ndogo yatosha kumrudisha mtu nyumbani. Mwanamume asiyefikia kimo cha futi 5 na inchi 3 hurudishwa, na hakuna dawa wala haja ya dawa. Aliyepungukiwa na meno huenda akarudishwa pia, na bado akatafuna nyama ya mbuzi hadi uzee.

Chukua mfano wa nyayo bapa, jambo linalowahuzunisha vijana wengi. Mwambie mwanao asimame kwa vidole vya miguu, visigino vikiwa juu. Ukiona uwazi unajitokeza chini ya unyayo, mguu huo una unyumbufu wake na kwa kawaida hauna madhara. Kama haumi, usinunue kitu chochote na usimpeleke kwa mtu wa kumkanda.

Hata hivyo, yapo mambo mengine ambayo ni makosa makubwa kuyapuuza, na hapa ndipo ninapogombana na wazazi. Kijana akiambiwa kwamba shinikizo la damu yake liko juu, wengi husema, "Alikuwa ameogopa tu." Inawezekana. Hofu na mbio hupandisha shinikizo kwa muda. Lakini hakuna awezaye kujua bila kumpima tena akiwa ametulia, kwa siku tofauti. Likibaki 140 kwa 90 au zaidi kwa mtu wa miaka 19, ni lazima tutafute chanzo, na mara nyingine chanzo hicho ni figo. Ngiri nayo, ule uvimbe wa kinenani unaotokea mtu anapokohoa au kuinua mzigo, hutengenezwa kwa upasuaji wa kawaida. Ikiachwa, utumbo waweza kukwama ndani yake usiku mmoja, na kutoka hapa hadi Machakos si karibu.

Halafu kuna moyo. Mtoto huumwa na koo, wazazi humpa chai ya ndimu, naye hupona. Miongoni mwa watoto wachache, koo hilo hufuatwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu milango ya moyo polepole bila maumivu yoyote. Mtoto hukua, hucheza mpira, hulima. Kelele inayosikika kupitia kifaa cha daktari ndiyo dalili ya pekee. Si kila kelele ni ugonjwa. Nyingine hazina maana, na ni picha ya moyo tu iwezayo kuzitofautisha. Lakini kama ni baridi yabisi, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne humkinga kijana asipatwe tena na homa hiyo na moyo kuharibika zaidi.

Sasa waona kwa nini sikuandika barua. Nilimweleza yule baba kwamba nikimwandikia uongo na ukaaminiwa, mwanawe atakwenda kukimbizwa na mzigo mgongoni mahali palipo mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, akiwa na mlango wa moyo ambao pengine haufunguki vizuri. Alinyamaza. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Daktari, nilishauza ng'ombe wawili."

Kuna mtu alikuwa amemwahidi "kumsaidia" kijana apite. Msomaji, jeshi hutangaza kila mwaka kwamba usajili ni bure na kwamba kutoa hongo ni kosa la jinai kwa anayetoa na anayepokea. Watu husikia, halafu huuza ng'ombe. Na kijana aliyekataliwa hubeba mizigo miwili: aibu yake mwenyewe, na ng'ombe wa babake.

Mzigo huo wa pili ndio ninaouogopa. Nimewaona vijana ambao baada ya usajili huacha kula na wenzao, hulala mchana, huanza pombe, au husema maneno kama "mimi ni wa bure tu." Wazazi hudhani ni uvivu. Ukisikia maneno ya namna hiyo, muulize mwanao waziwazi kama amewaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitoa. Wala usimfiche kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Mlete hospitalini.

Wasichana wana shida yao pia. Mwenye mimba hasajiliwi, na wapo ambao hulifahamu jambo hilo kwa mara ya kwanza pale pale uwanjani. Msichana huyo anahitaji kliniki ya wajawazito na mama asiyempigia kelele, angalau si siku hiyo.

Nyumbani, usimpe kijana hotuba. Usimwambie "kazi ni nyingi," maana anajua si nyingi. Mwambie, "Keti tule," na kesho yake muulize aliambiwa nini hasa. Kama ana miaka 18 au 19, mlango haujafungwa, kwa kuwa makurutu wa kawaida huchukuliwa hadi umri wa miaka 26, na kasoro nyingine zinatibika kabla ya hapo. Ikiwa zitakubaliwa baada ya matibabu, hilo ni la daktari wa jeshi kuamua.

Nami nina ombi kwa wahusika. Vijana wengi wanaofika kwangu hawana karatasi yoyote, wana neno moja tu walilolisikia katikati ya zogo: "moyo," "presha," "mshipa." Siwalaumu madaktari wenzangu wanaopima mamia kwa siku moja juani. Lakini kipande cha karatasi chenye mstari mmoja kingeokoa maisha. Waingereza walipopigana na Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, walishtuka kuona jinsi vijana wao wengi walivyokataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili. Kamati iliundwa, ikatoa ripoti mwaka wa 1904. Sheria ya chakula cha shuleni ikafuata mwaka wa 1906, na ya kuwapima wanafunzi afya mwaka wa 1907. Sisi huwapima maelfu ya vijana bure, kisha huiacha habari hiyo ipotelee vumbini pamoja na nyayo zao.

Yule kijana alifanyiwa picha ya moyo baada ya wiki tano. Mlango mmoja ulikuwa umeharibika, si sana. Huja kwangu kila mwezi kwa sindano, na tangu mara ya tatu huja peke yake. Mara ya mwisho aliniuliza kama anaweza kucheza mpira. Nilimwambia acheze, ila akihisi pumzi inakatika atoke uwanjani. Babake bado anamtafuta mtu aliyechukua pesa za ng'ombe.